Diski, Kupakua, na Muvi Iliyonikimbia Darasani

Najua nimepotea. Wengine mlishaanza kusema nimekula sapu nikaona aibu kuandika. Hapana jamani, bado nadunda. UE zimeisha wiki iliyopita, matokeo bado, nilikuwa nalala tu kufidia usingizi wa semista nzima. Leo nimeamka na jambo moja linanikera, na si mnanijua tena, nikikerwa lazima niandike.

Ishu yenyewe ilianza jana jioni. Nimerudi hosteli kutoka Kariakoo nimebeba kidude cha kusomea DVD, kile cha kuchomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Rumeti wangu alipokiona alicheka mpaka akakaa chini. "Shosti, huu mwaka gani? Kompyuta zenyewe siku hizi haziji na tundu la CD, wewe unakwenda kununua tundu! Muvi zote ziko hewani, mwenzetu unarudi kwenye masahani!" Dada wa chumba cha pili akasikia kelele, akaingia, naye akamuunga mkono. Mpaka saa sita usiku tulikuwa bado tunabishana: je, diski za muvi, hasa hizi zenye picha ang'avu za kisasa, zina maisha mbele? Au kila kitu kinahamia kwenye kupakua na kuangalia mtandaoni, na sisi wengine tukubali tu yaishe?

Nilishindwa yale mabishano, nakiri. Walikuwa wawili na mimi nina sauti ndogo. Lakini hapa nimekaa peke yangu na kibodi, hakuna wa kunikatiza. Haya, twende.

Kwanza niwape kisa cha TP, maana ndiko hasira yangu ilikoanzia.

Wengi mnakumbuka mwaka jana nilipangiwa shule ya kata huko mkoani Singida. Nafundisha Jiografia kidato cha tatu, mada ya volkano. Vitabuni kuna michoro ya rangi nyeusi na nyeupe, wanafunzi wanakariri tu "magma, lava, kreta" kama wanaimba. Nikasema hapana, hawa lazima waone. Tanzania tuna Ol Doinyo Lengai yetu wenyewe, mlima ulilipuka 2007 na 2008, halafu mtoto anamaliza kidato cha nne hajawahi kuona hata picha ya volkano inayotema moto?

Basi kabla sijaondoka chuoni nilijiunga na huduma moja ya kuangalia filamu mtandaoni. Nikalipa ya mwezi kwa hela yangu ya bumu, wala sikuazima akaunti ya mtu. Nikaipakua filamu ya volkano, picha kali balaa, nikaiona imekaa ndani ya kompyuta na alama yake ya tiki: imepakuliwa. Moyo ukatulia.

Siku ya somo ilipofika, mkuu wa shule aliruhusu jenereta liwashwe. Mafuta ya jenereta lile ni ya kuhesabu, wadau, si la kuwasha ovyo. Projekta tuliazima kwa mratibu wa elimu kata. Wanafunzi sitini na kitu kwenye darasa moja, madirisha tumeyaziba kwa khanga zangu mbili na shuka la matroni. "Madam, tunaangalia picha leo?" Ndiyo, leo tunaangalia picha! Nikabonyeza.

Ikatokea kisanduku katikati ya ukuta, kikubwa, kila mtoto anakisoma: unganisha intaneti ili kuhuisha leseni.

Mtandao pale shuleni haupo. Ukitaka kupiga simu unapanda kwenye mwamba nyuma ya vyoo, na hapo unapata vistari viwili tu vya sauti, data sahau. Nikabonyeza tena. Kisanduku. Nikazima kompyuta, nikawasha. Kisanduku. Jenereta linaunguruma nje linakula mafuta, watoto wameanza kunong'ona. Mimi nimesimama mbele kama nimemwagiwa maji.

Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja wa siku nyingi, mzee wa kukaribia kustaafu. Alikuwa amekaa nyuma na yeye anasubiri kuona. Akanyanyuka taratibu, akasema, "Subiri binti, nikuletee ya kwangu." Akaenda ofisini, akarudi na bahasha kuukuu. Ndani kuna DVD. Haikuwa ya volkano hasa, ilikuwa filamu ya mambo ya dunia kwa ujumla: mito, barafu, matetemeko, na volkano kama dakika kumi hivi. Akaifuta kwa pindo la shati lake. Wakaleta deki ya ofisini, tukaiunga kwenye projekta. Ikakwama mara mbili kwenye mkwaruzo, halafu ikaendelea.

Watoto walinyamaza kimya. Lava ilipoanza kutiririka kuna mmoja alisema "Yesu wangu!" darasa zima likaangua kicheko, kisha kimya tena.

Baadaye nilimuuliza ile DVD ameipata lini. Akasema aliinunua mjini Singida, mwanawe wa mwisho akiwa darasa la kwanza. Huyo mwana sasa ana mtoto. Picha si kali kama yangu, hilo nakubali. Lakini diski ile haikumuuliza mtu chochote. Haikuuliza kama mwezi umeisha wala kama kuna mtandao. Iliingia kwenye deki, ikafanya kazi.

Sasa turudi kwenye mabishano ya jana. Rumeti wangu ana hoja, na mwalimu mtarajiwa lazima amtendee haki mpinzani. Tuanzie mwanzo, ili hata wale wa Lugha na wa Dini msiachwe.

CD, DVD na Blu-ray kwa macho ni sahani zilezile. Tofauti ni miale inayozisoma. CD inasomwa kwa miale yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, DVD nanomita 650, Blu-ray nanomita 405, ile ya buluu inayoelekea zambarau. Wimbi likiwa fupi, unaweza kuandika na kusoma alama ndogo zaidi. Ni kama unavyobana desa la kozi nzima kwenye karatasi moja kwa sababu umetumia kalamu ya ncha nyembamba. Ndiyo maana DVD ya tabaka moja inabeba GB 4.7, na Blu-ray ya tabaka moja inabeba GB 25, ya matabaka mawili GB 50. Zile za picha kali zaidi, Ultra HD, zilizoanza kuuzwa 2016, zinafika hadi GB 100.

Blu-ray haikuingia sokoni peke yake. Mwaka 2006 ziliingia mbili kwa mpigo na zikapigana vita. Upande mmoja Sony na wenzake na Blu-ray. Upande wa pili Toshiba na HD DVD, na Microsoft ikiwaunga mkono. HD DVD nayo ilitumia miale ileile ya buluu, ila tabaka moja lilibeba GB 15 tu. Sifa yake ilikuwa kwamba viwanda vya DVD vingeweza kuitengeneza bila kubadilisha mitambo sana. Studio za Hollywood zikagawanyika, huyu huku, huyu kule. Mnunuzi wa Marekani akabaki njia panda: akinunua deki hii, muvi za studio ile hazipati. Wengi wakaamua kutonunua lolote, wakabaki na DVD zao.

Sony ilikuwa na karata nyingine. PlayStation 3 iliyotoka Novemba 2006 ilikuwa na Blu-ray ndani yake. Mtu ananunua kwa ajili ya magemu, kumbe ameingiza deki ya Blu-ray sebuleni. Tarehe 4 Januari 2008 Warner ikatangaza kwamba inahamia Blu-ray peke yake. Mwezi uliofuata, tarehe 19 Februari 2008, Toshiba ikanyanyua mikono. Vita ikaisha, waliokuwa wamenunua deki za HD DVD wakabaki wameshika mapambo.

Lakini tazama kilichotokea katikati. Tarehe 15 Januari 2008, siku kumi na moja tu baada ya Warner kuamua ugomvi, Apple ilianza kukodisha filamu kwa njia ya kupakua. Netflix nayo, iliyokuwa inatuma DVD kwa posta, ilikuwa imeshaanza mwaka 2007 kuwaruhusu wateja kuangalia moja kwa moja mtandaoni. Yaani mafahali wawili walikuwa wanapigania kiti, na mtu wa tatu alishaingia kwa mlango wa nyuma akakaa. Blu-ray ilishinda vita ambayo tuzo yake ilikuwa imeanza kuyeyuka.

Na imeendelea kuyeyuka. Mwaka 2019 Samsung ilisema haitaleta tena deki mpya za Blu-ray kwenye soko la Marekani. Tarehe 29 Septemba 2023 Netflix ilituma diski yake ya mwisho, baada ya miaka 25 na diski zaidi ya bilioni 5. Best Buy, duka kubwa la vifaa vya umeme la Marekani, liliacha kuuza filamu za diski mwaka 2024. Februari 2025 Sony ikaacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia. Kwa hesabu hiyo rumeti wangu ana haki ya kucheka. Kama swali ni nani anauza zaidi, mechi imeisha, mashabiki wameshatoka uwanjani.

Ana hoja ya pili pia, ya urahisi. Diski inakwaruzika, inaibiwa, inachukua nafasi. DVD zina kanda: sisi Tanzania tupo kanda ya 5 pamoja na India na Urusi, kwa hiyo diski halali uliyonunuliwa na shangazi yako Uingereza, ambako ni kanda ya 2, inaweza kukataa kabisa kwenye deki yako. Kwa hiyo nisijifanye kwamba diski ilikuwa malaika. Nayo ilikuja na kufuli zake.

Mimi nina hoja ya ubora. Netflix yenyewe inashauri uwe na kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kuangalia picha za 4K. Fanya hesabu: saa mbili kwa kasi hiyo ni kama GB 13.5. Filamu hiyohiyo kwenye diski ya Ultra HD inaweza kupewa nafasi mara nne au tano ya hiyo. Ndiyo maana kwenye moshi, ukungu na usiku picha ya mtandaoni inavunjika vipande vipande na ya diski haivunjiki. Halafu hizo GB 13.5 unazilipia kwa bando la nani? Mwanafunzi wa bumu anapiga mahesabu ya GB moja wiki nzima!

Lakini tuwe wakweli, hoja hii ya ubora hapa hosteli haina nguvu. Sisi tunaangalia muvi ya MB 700 kwenye kioo cha inchi kumi na nne, watu wanne kitanda kimoja, spika moja imekufa. Nani ataona tofauti ya 4K? Hiyo waachie wenye sebule.

Hoja yangu ya kweli ni nyingine, na ndiyo ambayo jana sikuweza kuisema vizuri kwa sababu ya kelele. Tunabishana diski dhidi ya kupakua, wakati swali lenyewe ni hili: ukishalipa, kitu ni chako au umeazimwa?

Filamu ya mzee wa Singida ilikuwa yake. Yangu niliazimwa, japo kompyuta iliniandikia "imepakuliwa" na nikaamini. Mtasema mimi nilijiunga kwa mwezi, kwa hiyo ni halali yangu, mwezi ni mwezi. Sawa. Lakini sikilizeni yaliyowapata walionunua kabisa, waliobonyeza kitufe kilichoandikwa "nunua".

UltraViolet ilianzishwa 2011 na studio kubwa kama kabati la mtandaoni la kuhifadhi filamu ulizonunua. Lilifungwa tarehe 31 Julai 2019. Wengi walifanikiwa kuhamishia filamu zao kwenye huduma nyingine, lakini ilibidi mtu ajue na awahi. Mwaka huohuo Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kidijiti, na vitabu vikatoweka kwenye vifaa vya walionunua. Walirudishiwa hela, ni kweli. Lakini hebu fikiria mtu anaingia chumbani kwako, anachukua kitabu rafuni, anakuachia noti mezani anaondoka. Utasema asante?

Agosti 2022 wateja wa duka la PlayStation huko Ujerumani na Austria walipoteza filamu za StudioCanal walizokuwa wamezinunua, kwa sababu mkataba kati ya wakubwa uliisha. Desemba 2023 ikatangazwa kwamba vipindi vya Discovery vilivyonunuliwa kwenye duka hilo navyo vitaondolewa. Watu wakapiga kelele, makubaliano mapya yakapatikana, uamuzi ukasitishwa. Nzuri, lakini umeona mwenyewe: kukaa au kuondoka kwa mali yako kulitegemea mkutano ambao wewe hukualikwa.

Mpaka wabunge wameligundua. California walipitisha sheria iliyosainiwa Septemba 2024 na kuanza kutumika 2025. Muuzaji wa vitu vya kidijiti haruhusiwi kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Na kuna kipengele kimoja nilipokisoma nilitaka kumwamsha rumeti: sheria hiyo haimbani muuzaji kama mteja anaweza kupakua kitu moja kwa moja, kikakaa kwake, akakitumia bila mtandao. Kumbe hata sheria inajua kuna kupakua kwa aina mbili. Kuna kupakua kwa kupewa, na kuna kupakua kwa kuazimwa.

Ndiyo maana nasema tatizo si kupakua kama kupakua. Angalieni upande wa pili, diski nayo iliwahi kufungwa kamba hivihivi. Mwaka 1998 duka la Circuit City la Marekani lilileta diski zinazoitwa Divx. Unainunua kwa bei nafuu, ukianza kuiangalia una saa 48, baada ya hapo lazima ulipie tena, na deki yako iwe imeungwa kwenye waya wa simu ili ipige makao makuu kuripoti. Watu waliikataa. Juni 1999 ilishakufa, na katikati ya 2001 mfumo ulipozimwa diski zile zikawa visosa vya kuwekea chai. Ni diski, unaishika mkononi, lakini haikuwa yako.

Sasa linganisha na muziki. Januari 2009 Apple ilitangaza kuondoa kufuli kwenye nyimbo inazouza. Unapakua wimbo, faili ni lako, liweke kwenye flashi, kwenye simu, kwenye redio ya bodaboda, hakuna wa kukuuliza. Muziki haukufa kwa hilo. Studio kubwa za filamu hazijathubutu kufanya hivyo mpaka leo. Kwa hiyo kwenye filamu kubwa za Hollywood, kitu cha pekee unachoweza kulipia halali na kikabaki kwako bila kumpigia simu mtu ni hiyohiyo sahani inayochekwa. Novemba 2023, filamu ya Oppenheimer ilipotoka kwenye diski za 4K, mwongozaji wake Christopher Nolan alikuwa amewahimiza watu waweke nakala nyumbani ambayo hakuna huduma ya mtandaoni itakayoweza kuwanyang'anya. Diski zikaisha madukani. Hiyo ni 2023, wadau, si 2003.

Mtaniuliza, wewe wa Bongo hayo yanakuhusu nini? Blu-ray yenyewe huku tuliionea kwenye matangazo. Kweli, sisi tuliruka darasa. Tulitoka kwenye mikanda ya VHS, tukaingia VCD ambayo sinema moja ilikuja CD mbili (mnakumbuka kuzibadilisha stelingi akiwa ananing'inia kwenye helikopta?), tukaenda kwenye DVD za Kichina zenye sinema ishirini ndani ya sahani moja. Baba zetu wakaangalia vibanda umiza, Lufufu akiwatafsiria wazungu kwa Kiswahili na kuongeza chumvi zake. Halafu moja kwa moja tukahamia kwenye flashi. Unakwenda kwa jamaa wa muvi pale nje ya geti, unachagua kwenye kompyuta yake, anakujazia, unalipa, unaondoka. Hakuna cha leseni wala kuhuisha.

Na hapa ndipo penye mtihani. Yule jamaa wa flashi anakupa kile ambacho studio zimekataa kukuuzia: faili linalokaa kwako. Ndiyo maana anatushinda wote. Lakini anachouza si chake. Kwa Nolan unaweza kusema aa, huyo tajiri. Kwa wenzetu je? Enzi za marehemu Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, filamu za Bongo ziliuzwa kwenye DVD, na mauzo ya zile sahani ndiyo yalikuwa mshahara wa watu. Flashi na kunakili vikala ule mshahara. Ninamjua dada mmoja mtaani kwetu aliyekuwa anashona mavazi ya waigizaji, leo anauza vitenge. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa niwaambie jibu ni jamaa wa geti. Mwalimu hawezi kufundisha uadilifu saa nne asubuhi, saa kumi jioni akajaze flashi.

Basi jibu langu ni lipi? Nitasema ninavyoona mimi, na mnipinge.

Diski haitarudi kuwa mfalme. Itabaki kama vitabu vya jalada gumu: wachache watainunua kwa mapenzi, maktaba zitaihifadhi, bei itapanda. Ya kawaida kabisa itapotea madukani, na deki zitakuwa adimu kiasi kwamba diski nzima itakosa wa kuisoma. Hilo ndilo linalonitisha, ndiyo maana nikaenda Kariakoo mapema.

Kuangalia mtandaoni kutatawala, na kwa kupitisha jioni ni sawa kabisa. Muvi ya kuangalia mara moja ukasahau, azima tu, kwa nini ujaze nyumba? Sina ugomvi.

Ila kwa kitu unachokihitaji kesho na keshokutwa, kuazima hakutoshi. Filamu ya kufundishia, filamu ya harusi ya mama, filamu ya Kiswahili iliyotengenezwa na watu wetu ambayo hakuna kampuni ya nje itakayokumbuka kuihuisha. Hivyo vinahitaji mwenyewe. Na njia iliyo bora kuliko diski ipo, wala si ngumu: niuzie faili bila kufuli, kwa bei ambayo mtu wa bumu anaiweza, nilipe kwa simu, likae kwangu. Watengenezaji wa Bongo wangekuwa wa kwanza kufanya hivyo, nafikiri wangemshinda jamaa wa geti kwa sababu watu wangekuwa na sababu ya kulipa. Najua wengine watanakili. Walinakili DVD pia.

Na sisi walimu wa kesho tusidanganywe na neno "kidijiti". Kila siku tunaambiwa shule zitakuwa za kidijiti, vitabu vitakuwa kwenye vishikwambi, masomo yatakuwa mtandaoni. Safi. Lakini mtu akija shuleni kwako na kifurushi cha masomo, muulize swali moja tu: mtandao ukikatika na mkataba ukiisha, watoto wangu watabaki na nini? Akianza kuzungukazunguka, jua atakuachia kisanduku ukutani.

Leo asubuhi rumeti alinikuta najaribu kidude changu. Nilikuwa nimeweka ile DVD ya mzee. Ndiyo, aliniachia siku naondoka, alisema, "Chukua binti, mimi nastaafu, wewe ndiyo unaanza." Rumeti akakaa pembeni yangu akijifanya anachana nywele. Ilipofika sehemu ya lava akaacha kuchana.

"Hii si mbaya," akasema. Halafu akaongeza haraka, "Lakini picha mbovu!"

Mbovu, ndiyo. Ila ipo.

Haya wadau, maji yametoka bombani, naenda kufua kabla hayajakatika. Mwenye DVD za Jiografia au Historia anazotaka kuzitupa asitupe, anitafute. Block letu mnalijua.